Kuchagua Mtaa wa Pembezoni: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Nyumba

Kazi yetu ni kumlinda mlaji. Mara nyingi watu wakisikia neno hilo hufikiria unga uliopitwa na wakati, mizani isiyo sahihi au simu bandia. Ni sawa, hayo nayo ni yetu. Lakini kwa familia nyingi, ununuzi mkubwa kupita yote maishani ni nyumba, na aghalabu ndio unaofanywa kwa kuuliza maswali machache zaidi. Mtu atageuzageuza simu ya shilingi laki tatu kwa nusu saa nzima, kisha atakubali nyumba ya makumi ya mamilioni baada ya kuitembelea mara moja, Jumapili, saa nne asubuhi, barabara ikiwa nyeupe.

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya swali moja: mnunuzi afanyaje kazi katikati ya jiji lakini uwezo wake ukamwelekeza pembezoni, achague mtaa upi? Mifano yetu tutaitoa Dar es Salaam na viunga vyake, kwa sababu ndiko swali hili linakoumiza zaidi. Walioko Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma watabadili majina ya barabara tu. Hesabu ni ileile.

Kwa nini tunahamia mbali

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Mkoa wa Dar es Salaam watu takriban milioni 4.4, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu takriban milioni 5.4. Katika kipindi hichohicho Mkoa wa Pwani ulitoka takriban watu milioni 1.1 na kuvuka milioni 2. Yaani mkoa unaoizunguka Dar es Salaam ulikaribia kuwa maradufu. Ongezeko hilo lina sababu nyingi, vikiwemo viwanda vya Kibaha na Mkuranga, lakini kila anayesimama kituoni Kongowe, Kibaha au Bunju kabla ya mapambazuko anaiona sababu mojawapo kwa macho yake: wapo wanaolala upande mmoja wa mpaka na kutafuta riziki upande wa pili.

Hatusemi kwamba kuhamia pembezoni ni kosa. Huko ndiko mtu wa kipato cha kawaida anakoweza kupata kiwanja cha kutosha, hewa, na mahali pa watoto kuchezea. Tunachosema ni kwamba bei anayotajiwa mnunuzi ni sehemu tu ya bei. Sehemu iliyobaki hailipwi kwa muuzaji. Hulipwa kwa kondakta, kwa bodaboda, kwa gari la maji, na kwa usingizi.

Pimeni kwa saa, si kwa kilomita

Tangazo la nyumba hupenda kusema: "kilomita 25 tu kutoka mjini." Kilomita hazimfikishi mtu kazini. Kinachomfikisha ni muda, na muda wa kilomita 25 hubadilika kwa saa, kwa siku na kwa majira.

Kwa hiyo tunashauri kipimo hiki. Kabla hujalipa hata shilingi moja ya malipo ya awali, safiri kutoka katika nyumba hiyo hadi kazini kwako kwa usafiri uleule utakaoutumia, katika siku ya kazi, na katika saa yako ya kawaida. Uanzie mlangoni, si kituoni. Anza kuhesabu dakika unapofunga geti, na uache unapokaa kwenye kiti chako cha kazi. Kisha rudi jioni hiyohiyo. Fanya hivyo siku mbili tofauti, mojawapo ikiwa Jumatatu. Kama nyumba ina wafanyakazi wawili, kila mmoja apime safari yake, kwa maana anayefanya kazi Posta na anayefanya kazi Mwenge hawaishi katika mtaa mmoja hata kama wanalala kitanda kimoja.

Iwapo inawezekana, moja ya safari hizo iwe wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, au wakati wa vuli, kuanzia Oktoba. Njia ya udongo inayopitika vizuri mwezi wa Agosti inaweza kugeuka mto mwezi wa Aprili, na bodaboda aliyekuwa akidai shilingi elfu moja akadai elfu tatu, au asije kabisa.

Mara nyingi mnunuzi hupima safari ya yule mwenye gari au mwenye kazi ya mshahara, akasahau wengine. Mtoto wa sekondari anasafiri peke yake. Mama mzazi anakwenda kliniki. Dada wa kazi anaondoka jioni kwenda kwao. Tunawasihi mpime safari ya yule aliye dhaifu zaidi katika nyumba yenu. Mtaa ukimfaa huyo, utawafaa wote.

Hesabu ya safari

Tufanye hesabu pamoja. Viwango tutakavyovitaja ni vya mfano tu. Ninyi mtaweka vya kwenu.

Tuchukue familia yenye wafanyakazi wawili. Wana nyumba mbili mbele yao. Nyumba ya kwanza iko ndani zaidi na bei yake ni nafuu kwa shilingi milioni 10. Kutoka hapo kila mmoja hulipa bodaboda shilingi 1,000 hadi barabara kuu, gari la kwanza 700, na gari la pili 700. Hiyo ni shilingi 2,400 kwenda, na 4,800 kwenda na kurudi. Kwa watu wawili ni 9,600 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi ni shilingi 230,400 kwa mwezi, sawa na 2,764,800 kwa mwaka.

Nyumba ya pili iko mahali ambapo wanatembea kwa miguu hadi kituoni na kupanda gari moja kwa shilingi 800. Kila mmoja hutumia 1,600 kwa siku, wawili, 3,200. Kwa mwezi ni 76,800, na kwa mwaka ni 921,600.

Tofauti ni shilingi 1,843,200 kwa mwaka. Kabla ya mwaka wa sita kwisha, ule unafuu wa milioni 10 umekwisha kumezwa, na ifikapo mwaka wa kumi familia ya nyumba "nafuu" imelipa shilingi 18,432,000 zaidi kwa nauli peke yake, hata kama nauli hazikupanda. Na sote tunajua kwamba hupanda.

Sasa tuje kwenye muda. Kama nyumba ya mbali inaongeza saa moja kila upande, hizo ni saa 2 kwa siku, saa 48 kwa mwezi, saa 576 kwa mwaka. Saa 576 ni siku 24 kamili, mchana na usiku, ambazo mtu mmoja anazitumia barabarani kila mwaka. Huo ndio muda ambao mzazi angetazama daftari la mtoto, angehudhuria kikao cha mtaa, au angelala. Wapo wazazi wanaoondoka watoto wakiwa wamelala na kurejea watoto wakiwa wamelala tena, wakaonana nao Jumapili. Gharama hiyo haimo katika mkataba wowote wa mauziano, na hakuna ofisi inayoweza kumrudishia mtu muda huo.

Mwenye gari asidhani hesabu hii haimhusu. Aweke mafuta, matairi, matengenezo, maegesho ya mjini, na kama anavuka Daraja la Kigamboni, aweke na tozo.

Kila barabara na tabia yake

Dar es Salaam imejengwa kama vidole vya mkono. Barabara ya Bagamoyo inakwenda Tegeta, Boko na Bunju. Barabara ya Morogoro inakwenda Kimara, Mbezi, Kibamba na Kibaha. Barabara ya Nyerere inakwenda Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu, kisha Chanika. Barabara ya Kilwa inakwenda Mbagala, Kongowe na Mkuranga. Ng'ambo ya maji iko Kigamboni. Anayechagua mtaa, kwanza anachagua kidole, kwa sababu kuhama kutoka kidole kimoja hadi kingine wakati wa foleni ni safari nyingine kabisa.

Swali la kwanza liwe: kazi yangu iko kwenye kidole kipi? Mtu anayefanya kazi karibu na Uwanja wa Ndege akinunua Bunju kwa kuwa amependa upepo wa bahari, amejifunga kuvuka jiji zima mara mbili kwa siku. Njia za kuunganisha vidole zipo na zinaongezeka. Barabara ya lami kutoka Mbezi kupitia Goba hadi Barabara ya Bagamoyo ni mfano mzuri. Lakini wote waliojenga Goba kwa sababu ya barabara hiyo huitumia kwa wakati mmoja.

Swali la pili: je, kuna njia mbadala? Barabara ya Morogoro ilipata mabasi yaendayo haraka mwezi wa Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Basi lenye njia yake halisimami kwenye foleni ya magari mengine, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, njia kutokuwa na foleni si sawa na kituo kutokuwa na foleni. Nendeni Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mhesabu ni mabasi mangapi yanapita yakiwa yamejaa kabla hamjapata nafasi ya kuingia. Kumbukeni pia kwamba anayeishi Kibamba au Kiluvya bado ana gari jingine la kupanda kabla hajafika Kimara.

Kigamboni nayo ina mafunzo yake. Daraja lilifunguliwa Aprili 2016 na liliondoa utegemezi wa kivuko peke yake. Anayenunua karibu na Feri anategemea pantoni kwenda Posta; anayenunua Kibada au Kisota anategemea zaidi daraja. Hiyo ni mitaa miwili yenye maisha mawili, ingawa dalali huiita yote "Kigamboni." Mwulizeni anayeishi hapo: siku kivuko kimoja kikiwa kwenye matengenezo, ninyi hufanyaje?

Tahadhari na ahadi za kesho

Hakuna maneno yanayopandisha bei ya kiwanja kama haya: "barabara inakuja," "kituo cha treni kitakuwa hapa," "lami imeshapitishwa." Baadhi ya ahadi hizo ni za kweli. Miundombinu ya mabasi yaendayo haraka imepangwa kwa awamu: ya pili Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, ya tatu Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, ya nne Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Lakini mradi una hatua nyingi: kutangazwa, kupata fedha, kujengwa, kukamilika, na hatimaye mabasi kuanza kubeba abiria. Kati ya hatua moja na nyingine inaweza kupita miaka, nawe katika miaka hiyo unalipa nauli ya leo na kula vumbi la ujenzi.

Chukueni mfano wa reli ya kisasa. Ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na ina vituo Pugu, Soga na Ruvu. Wauzaji wa viwanja wa maeneo hayo hawakuchelewa kulitia jambo hilo katika matangazo. Basi mnunuzi aulize mambo matatu. Treni ipi husimama katika kituo hicho, kwa maana si kila treni husimama kila kituo? Husimama saa ngapi, na je, saa hiyo inaniwahisha kazini na kunirudisha nyumbani? Nauli yake kwa siku 24 za mwezi ni kiasi gani? Treni ya safari ndefu kati ya mikoa ina ratiba ya wasafiri, ambayo inaweza isiwe ratiba ya wafanyakazi.

Kanuni yetu ni nyepesi: nunua kwa kile kilichopo leo. Kitakachokuja kesho kiwe nyongeza, wala kisiwe msingi wa bei. Kama muuzaji ana hakika na ahadi yake, mwambie aiandike katika mkataba. Mara nyingi sauti hushuka hapo.

Maji ya kunywa na maji ya mvua

Katika maji, mnunuzi ana maswali mawili yanayopingana: yale ninayoyahitaji yanakuja? Na yale nisiyoyahitaji yanapita wapi?

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ukipungua, jiji zima huhisi, kama ilivyotokea mwishoni mwa mwaka 2022 mgao ulipotangazwa. Katika mgao, mitaa iliyo mwisho wa bomba au juu ya mlima ndiyo hupata shida kwanza. Kuona bomba uani si ushahidi wa kuona maji. Omba kuona bili za miezi mitatu ya karibuni. Bili ndogo kupita kiasi katika nyumba yenye watu wengi ina habari ya kukueleza. Kama nyumba inategemea kisima, onja maji yake, kisha yapeleke maabara. Katika maeneo ya karibu na bahari, visima vingine hutoa maji ya chumvi yasiyofaa kupikia, na familia huishia kununua maji ya kwenye gari kila wiki.

Kuhusu mvua, jiji hili limekwisha kufundishwa kwa gharama kubwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuharibu makazi katika bonde la Msimbazi, na waathirika wengi wakapelekwa Mabwepande, mbali na shughuli zao za mjini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari, pamoja na shughuli zinazoweza kuathiri mazingira hayo. Mnunuzi asiridhike kuona korongo kavu. Atazame kuta za majirani: alama ya rangi ya kahawia iliyonyooka kama mstari, futi moja au mbili kutoka chini, ni maandishi ya maji yenyewe. Atazame vizingiti vya milango. Panapojengwa kizingiti kirefu kila nyumba, hapajajengwa kwa ajili ya urembo.

Nyumba iliyo karibu mno na barabara

Wapo wanaokimbia tatizo la umbali kwa kununua pembeni kabisa mwa barabara kuu. Huko nako kuna hatari yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ziko sehemu ambazo hifadhi ilitangazwa kuwa pana kuliko hapo, na Barabara ya Morogoro ni mojawapo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara hiyo. Miongoni mwa waliobomolewa walikuwamo watu waliokuwa wameishi hapo kwa miaka mingi, wakiwa na umeme na maji, na wengine wakiwa wamenunua kwa watu walionunua kwa wengine.

Funzo ni hili: mita ya umeme si hati. Bili ya maji si hati. Umri wa nyumba si hati. Kabla ya kununua nyumba iliyo karibu na barabara kuu au ya mkoa, andika barua TANROADS ukiuliza kama eneo hilo limo katika hifadhi. Kwa barabara za wilaya na mitaa, andika TARURA. Taka jibu la maandishi. Fanya hivyohivyo kwa TANESCO iwapo nyaya za msongo mkubwa zinapita jirani.

Karatasi kabla ya funguo

Mtaa ukikufaa kwa safari, maji na usalama, bado hujanunua. Katika mitaa ya pembezoni mtakutana na aina tatu za vielelezo, nazo hazina uzito mmoja.

Ya kwanza ni hati ya hakimiliki, itolewayo kwa kiwanja kilichopangwa na kupimwa, kwa muda maalumu kama miaka 33, 66 au 99. Maeneo kama Kibada, Kisota, Tuangoma, Mivumoni na Buyuni yana viwanja vingi vilivyopimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Ya pili ni leseni ya makazi, inayotambua ukaaji wa mtu katika eneo ambalo halijapimwa rasmi. Ina muda mfupi na huhuishwa. Ya tatu ni makubaliano ya mauziano yaliyoshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Makubaliano hayo ni ushahidi kwamba fulani amemuuzia fulani. Hayathibitishi kwamba huyo fulani alikuwa na haki ya kuuza.

Kwa nyumba yenye hati, fanya upekuzi rasmi katika Ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Usikubali kupekuliwa na dalali wala muuzaji. Nenda mwenyewe au mtume wakili wako. Kisha mtafute mpima ardhi aliyesajiliwa aoanishe mawe ya mipaka yaliyo chini na ramani ya upimaji. Kwa nyumba isiyo na hati, waulize majirani wa pande zote nne, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, na ofisi ya mipango miji ya halmashauri ili kujua eneo limepangiwa matumizi gani. Kiwanja kinaweza kuwa na muuzaji halali kabisa, kumbe ramani ya mipango inasema ni shule au eneo la wazi.

Nyumba ikiwa ya ndoa, hakikisha mwenzi wa muuzaji ameridhia kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mwenzi dhidi ya kuuzwa kwa nyumba ya familia bila ridhaa yake. Nyumba ikiwa ya marehemu, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na umwombe barua ya uteuzi. Maneno kwamba "ukoo umekubaliana" hayatoshi.

Kagueni pia madeni: kodi ya pango la ardhi, na kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Andikeni katika mkataba nani atalipa kodi na ada za uhamisho. Mwisho, malipo yapitie benki. Anayetaka fedha taslimu, leo hii, kwa sababu "kuna mteja mwingine yuko njiani," mwacheni amuuzie huyo mteja mwingine.

Maswali ya kwenda nayo

Tumeyaandika maswali kumi ili mnunuzi ayakunje na kuyatia mfukoni.

1. Kutoka mlangoni hadi kazini ni dakika ngapi, Jumatatu asubuhi na jioni?
2. Nauli ya familia nzima kwa mwezi ni kiasi gani?
3. Njia kuu ikifungwa, nitapita wapi?
4. Shule na zahanati zinafikika kwa miguu?
5. Gari la mwisho la usiku hufika saa ngapi, na kutoka kituoni hadi nyumbani pana taa?
6. Maji hutoka siku ngapi kwa wiki?
7. Mvua kubwa ya mwisho ilifika wapi?
8. Je, eneo limo katika hifadhi ya barabara, ya mto au ya umeme?
9. Upekuzi wa hati unasema nini, na umefanywa na nani?
10. Nikibadilisha kazi, bado nitaweza kuishi hapa?

Swali la kumi husahauliwa zaidi kuliko yote. Kazi inaweza kubadilika katika miaka mitatu. Mkopo wa nyumba unaweza kuchukua kumi na mitano. Kwa anayesitasita, tunashauri apange chumba katika mtaa huo kwa miezi mitatu kabla ya kununua, hasa miezi ya mvua. Kodi ya miezi mitatu ni ndogo mno ikilinganishwa na majuto ya kuuza nyumba kwa hasara.

Na iwapo mtu amekwisha kudhulumiwa, asikae kimya kwa aibu. Mgogoro wa ardhi una njia yake kisheria, ikiwemo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Udanganyifu wa kuuza mali isiyo ya muuzaji ni jambo la polisi. Tangazo la uongo la muuza nyumba au viwanja, tuleteeni sisi, pamoja na nakala ya tangazo, risiti na mkataba. Hifadhini kila karatasi na kila ujumbe wa simu.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila mmoja wetu, baada ya mahangaiko ya mchana, ana mahali pa kurejea. Tunawaomba mpachague mahali hapo mkiwa na hesabu mkononi, na mkiwa na siku za kutosha za kufikiri.